Kompyuta inagoma kunipa mkunjo wa kimo na kipenyo cha misindano: kosa liko kwenye fomula, kwenye data au kwangu?

Mpimaji wa Mafinga aliandika:

Ndugu wanajukwaa, salaam kutoka Mafinga, ambako tangu asubuhi ukungu haujaondoka na mimi sijaondoka mbele ya kompyuta.

Nimepima misindano (paini, kama wengi tunavyoiita huku) katika ploti 14 zilizomo kwenye mashamba ya watu binafsi wilayani Mufindi. Aina yake ni Pinus patula, na jumla ni miti 231. Kipenyo kimepimwa usawa wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, na kimeandikwa kwa sentimita. Kimo kimepimwa kwa Suunto, kifaa cha mkononi cha kupimia kimo, na kuandikwa kwa mita. Ninachotaka ni mkunjo mmoja utakaoniwezesha kukadiria kimo cha miti mingine mingi ambayo ilipimwa kipenyo tu, kwa sababu ndani ya shamba lililosongamana vilele huwa havionekani na kila mti unaweza kukumaliza dakika kumi ukitafuta mahali pa kusimama.

Fomula niliyoichagua ni ile ya Chapman na Richards, ambayo wanamisitu wengi huitumia:

H = 1.3 + a(1 − e^(−bD))^c

H ni kimo, D ni kipenyo, e ni msingi wa logi asilia (kama 2.718), na a, b, c ni vigezo vitatu ambavyo programu inapaswa kuvitafuta. Ninatumia lugha ya kompyuta ya Python, kwa curve_fit, amri ya kutafuta mkunjo iliyo kwenye maktaba yake ya SciPy. Mara ya kwanza programu iligoma na kuniambia kwamba vigezo bora havikupatikana kwa kuwa fomula imekwisha kuitwa mara 800. Nikapandisha kikomo hicho hadi 100,000. Safari hii ilinipa jibu, lakini jibu lenyewe ni kichekesho: a = 14.6, huku b na c zikiwa zimebaki karibu na 1 kana kwamba hazikuguswa, na jedwali la makosa ya vigezo limejaa alama ya inf, yaani namba isiyo na ukomo. Nilipochora mkunjo juu ya nukta zangu, nilipata mstari ulionyooka kutoka kushoto hadi kulia kama kenchi la paa.

Mwenzangu mmoja anasema Python haifai kwa kazi hii na kwamba nitafute MATLAB, programu nyingine ya hesabu. Mwingine anasema fomula ni ya miti ya Ulaya. Ninaomba msaada wa mtu aliyewahi kupita njia hii, kwa sababu fomula ninaiona imetumika kila mahali na kwangu tu ndiyo inayokataa.

Mwalimu wa Isanga alijibu:

Ndugu Mpimaji, kabla ya yote naomba ufanye hesabu moja ndogo: tafuta wastani wa vimo vyako vyote 231. Nadhani utapata mita 15.9, au namba iliyo karibu sana na hiyo. Ukipata hivyo, tutakuwa tumejua programu ilifanya nini: ilishindwa kuona kwamba kipenyo kina uhusiano wowote na kimo, ikakupa wastani peke yake, yaani 1.3 + 14.6.

Sababu ni hii. Fomula kama yako haina njia ya kutatuliwa kwa hatua moja kama mstari ulionyooka. Programu huanza na makadirio fulani ya a, b na c, huangalia jumla ya miraba ya masalio (salio ni tofauti kati ya kimo ulichopima na kimo kinachotabiriwa), kisha huvisogeza vigezo kidogo kuelekea upande unaopunguza jumla hiyo, na hurudia mzunguko huo mpaka jumla isipungue tena. Usipoipa makadirio ya mwanzo, curve_fit huanza na 1 kwa kila kigezo. Nakisia hukuipa.

Sasa chukua kalamu tuone maana ya kuanza na b = 1. Mti wako mwembamba kabisa una kipenyo gani? Tuseme sentimita 11. Thamani ya e^(−11) ni 0.0000167. Kwa mti wa sentimita 20 ni kama 0.000000002. Kwa hiyo 1 − e^(−bD) ni 1 kwa mti mwembamba na ni 1 kwa mti mnene, na ukiipandisha kwa kipeo chochote bado ni 1. Ukipita sentimita 37 hivi hata hatusemi tena "karibu na 1", kwa sababu kompyuta hubeba tarakimu kama 16 tu na hiyo tofauti haimo ndani yake. Inapata 1 kamili. Programu inajaribu kuisogeza b kidogo, na vimo vinavyotabiriwa havibadiliki. Inajaribu c, navyo havibadiliki. Kigezo pekee kinachoitikia ni a, basi inakipeleka kwenye wastani na kusimama hapo. Ni sawasawa na gari lililonasa kwenye tope la masika barabara ya kwenda Makete: injini inanguruma, gurudumu linazunguka, na gari liko palepale. Kuongeza kikomo kutoka 800 hadi 100,000 ni kuongeza mafuta tu. (Hiyo 800, kwa faida ya wengine, haikuokotwa: ni 200 ukizidisha kwa 4, yaani idadi ya vigezo jumlisha 1.)

Ndiyo maana kuhama programu hakutakusaidia. Mbinu inayotumika hapo ni ile iliyotolewa na Levenberg mwaka 1944 na kuboreshwa na Marquardt mwaka 1963, na MATLAB nayo inayo. Katika R, programu ya takwimu, amri ya nls ingekugomea papo hapo kwa kukuambia kwamba matriki (jedwali la namba) ya miteremko, kwa makadirio uliyoanza nayo, haina kinyume. Mimi naona R ina adabu zaidi kwa hilo, kwa sababu inakataa badala ya kukupa namba.

Tiba ni kuanza mahali penye mteremko. Kigezo a ni nafasi iliyobaki juu ya mita 1.3 mpaka kwenye dari ambayo mkunjo unaikaribia bila kuigusa, kwa hiyo kiweke juu kidogo ya mti wako mrefu kuliko yote. Kigezo c kiweke 1. Kwa b, chukua mti mmoja wa katikati na uitafute kwa mkono. Tuseme umeweka a = 25, na una mti wa sentimita 20 wenye kimo cha mita 16.5. Ondoa 1.3, unabaki na 15.2, gawanya kwa 25, unapata 0.608, toa katika 1, unapata 0.392, logi asilia yake ni −0.936; gawanya kwa −20, na b ni 0.047. Umeona ilivyo mbali na 1? Mpe curve_fit hizo tatu kupitia p0, sehemu yake ya makadirio ya mwanzo, kwa mpangilio uleule wa vigezo ulio ndani ya fomula yako.

Jambo la pili, ambalo bado halijakupata lakini litakupata: ikiwa katika kusogea kwake programu itaifanya b kuwa hasi, basi 1 − e^(−bD) nayo itakuwa hasi, na namba hasi haina kipeo cha 1.2 katika namba halisi. Utaona tahadhari na majibu yasiyo namba. Ama weka mipaka ili vigezo vyote vibaki juu ya sifuri, na hapo curve_fit yenyewe itabadili mbinu. Ama andika fomula kwa logi ya kila kigezo, ili hata programu ikienda wapi, kigezo chenyewe kibaki chanya. Mimi napendelea hiyo ya logi, lakini ni mazoea tu.

Kihesa Juu alijibu:

Kamwene. Mimi ningeuliza kwa nini mjisumbue hivyo. Chukua logi asilia ya H − 1.3, ipange dhidi ya 1/D, chora mstari ulionyooka kwenye lahajedwali ya kawaida, na kazi imekwisha kabla chai haijapoa. Hakuna makadirio ya mwanzo, hakuna kugoma. Nimefanya hivyo kwa miaka mingi na mbao zimepasuliwa.

Mpimaji wa Mafinga alijibu:

Mwalimu, shikamoo. Wastani ni mita 15.9 kamili. Nilicheka peke yangu nilipoiona, kisha nikasikitika kidogo kwamba kompyuta ilihitaji mizunguko yote ile ili kunipa kitu ambacho ningekipata kwa kikokotoo cha dukani.

Mti mwembamba kabisa ni wa sentimita 11, kama ulivyokisia. Nimeweka makadirio ya 25, 0.047 na 1, na programu imetoa jibu mara moja, bila kulalamika. Vigezo vina makosa sanifu (kipimo cha kiasi ambacho kila kigezo kinaweza kuyumba) yanayoeleweka na mkunjo umejikunja. Lakini furaha yangu imekuwa fupi. Mkunjo unapanda vizuri mpaka kama sentimita 25, halafu unalala; dari yake ni mita 17.2. Mti wangu mrefu kuliko yote una mita 24.2. Kati ya miti minene ya ploti za zamani, karibu yote iko juu ya mkunjo. Nimejaribu makadirio mengine matano ya mwanzo, na kila mara ninarudishwa kwenye dari ileile ya mita 17.2, kwa hiyo nadhani si suala la mahali pa kuanzia tena.

Nilihakiki sifuri: kulikuwa na miti mitatu ambayo kimo chake hakikupimwa na mwandishi aliweka 0 badala ya kuacha wazi. Nimeiondoa, imebaki 228, na dari imepanda kwa sentimita chache tu.

Ninaweka hapa mistari michache kutoka ploti mbili ili mwenye jicho aone:

Ploti 4: D 13.2, H 13.1, D 20.4, H 17.9, D 31.6, H 21.5.
Ploti 9: D 47.1, H 14.0, D 63.0, H 16.8, D 72.3, H 18.1.

Uyole Shambani alijibu:

Ndugu Mpimaji, mimi si mtu wa misitu, ninashughulika na viazi mviringo na mahindi, lakini hiyo ploti 9 imenifanya niweke kikombe chini. Msindano wa sentimita 72 kwa kipenyo ni mti ambao watu wawili wakikumbatiana kuuzunguka wanaweza kushikana mikono kwa raha tu, na watoto wangeupa jina. Je, uliona miti ya namna hiyo ndani ya ploti 9? Na kama uliiona, kwa nini ina mita 18 wakati mti wa sentimita 31.6 wa ploti 4 una mita 21.5?

Gawanya hizo D za ploti 9 kwa 3.1416. Mimi nimepata 15.0, 20.1 na 23.0. Zipange tena pamoja na vimo vyake: sentimita 15.0 kwa mita 14.0, sentimita 20.1 kwa mita 16.8, sentimita 23.0 kwa mita 18.1. Zinakaa katikati ya ploti 4 kama ndugu waliorudi nyumbani. Ninakisia kwamba aliyepima ploti 9 alisoma mzingo badala ya kipenyo. Utepe wa kipenyo una pande mbili: upande mmoja umegawanywa kwa sentimita za kawaida, na upande wa pili umbali kati ya alama umeshazidishwa kwa pai, ili ukiuzungusha mti usome kipenyo moja kwa moja. Ukiugeuza tu, umebadilisha kipimo chote bila kujua.

Sisi huku yalitukuta ya namna hiyo kwenye mbolea. Tulikuwa tunatafuta mkunjo wa mavuno ya mahindi dhidi ya naitrojeni, na kitalu kimoja cha majaribio kiliandikwa kilo za mbolea nzima kama ilivyo kwenye mfuko badala ya kilo za naitrojeni iliyomo. Kwa kuwa urea ina naitrojeni asilimia 46, kitalu hicho kilionekana kimelishwa zaidi ya mara mbili bila kuongeza mavuno. Programu ilitulia vizuri, makosa sanifu yalikuwa madogo, na dari ya mkunjo ilikuwa ya uongo. Tangu hapo sitazami kigezo hata kimoja kabla ya kuchora masalio dhidi ya D, kila ploti kwa rangi yake. Programu haijui kwamba mti wa sentimita 72 hauwezi kuwemo humo. Inachojua ni kupunguza miraba, na kwa kuwa inapima kwa miraba, ploti moja iliyo mbali huvuta kuliko ploti tatu zilizo sawa.

Ninaomba usizigawe kwa pai kabla ya kumuuliza aliyepima. Kisio langu linaweza kuwa sahihi kwa miti kumi na kukosea kwa miwili.

Mpimaji wa Mafinga alijibu:

Nimerudi baada ya siku mbili kwa sababu nilikwenda ploti 9 mwenyewe. Ninakiri kwamba siku ile ya kupima ploti hiyo sikuwepo. Niliwaachia vijana wawili utepe nikaenda kushughulikia usafiri. Walinionyesha walivyoushika: upande wa sentimita za kawaida ulikuwa juu, kwa sababu, kwa maneno yao, namba zake zinasomeka vizuri na zile za upande wa pili zimefutika. Nimepima upya miti yote 17 ya ploti hiyo. Kumi na sita imekubaliana na kugawanya kwa pai, ikitofautiana kwa milimita chache. Mmoja haukukubali, kwa kuwa namba yake iliandikwa 58 badala ya 38. Ahsante sana, ndugu wa Uyole, kwa kunizuia nisigawanye nikiwa nimekaa kitini.

Matokeo mapya, kwa miti 228 yenye vipenyo kati ya sentimita 11 na 36:

a = 26.9, kosa sanifu 5.8
b = 0.047, kosa sanifu 0.022
c = 1.06, kosa sanifu 0.21

Mkunjo sasa unapita katikati ya nukta kwa ploti zote, na masalio hayaonyeshi umbo lolote isipokuwa kutawanyika kidogo zaidi kwa miti minene. Swali langu la mwisho ni la uandishi. Je, ninaweza kuandika kwenye ripoti kwamba kimo cha juu kabisa cha misindano ya eneo hili ni mita 28.2, yaani 26.9 jumlisha 1.3? Na hilo kosa sanifu la 5.8 linanitisha, je, ni dalili kwamba kuna ploti nyingine iliyoharibika?

Mwalimu wa Isanga alijibu:

Marahaba, na hongera kwa kurudi shambani. Wengi wangegawanya kwa pai na kuendelea, na ule mti wa 38 ungebaki humo.

Jibu la swali la kwanza ni hapana, usiandike hivyo. Jibu la swali la pili ni kwamba hakuna ploti iliyoharibika. Hilo kosa la 5.8 ndiyo habari ya kweli ambayo data yako inakupa. Naomba nilifafanue kwa urefu kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi huharibu ripoti nzuri.

Toa matriki ile ambayo curve_fit inarudisha pamoja na vigezo, ile ambayo vipeuo vya pili vya namba za mshazari wake ndivyo hayo makosa sanifu, na utafute uwiano wa kitakwimu (korelesheni, si kugawanya moja kwa nyingine) kati ya a na b. Nina hakika utakuwa karibu sana na −1, pengine −0.99. Maana yake ni kwamba ukiipandisha a na papo hapo ukaishusha b, mkunjo ndani ya eneo lako la sentimita 11 hadi 36 hausogei karibu kabisa. Data yako inaujua mchanganyiko wa a na b, lakini haimjui yeyote kati yao akiwa peke yake. Na itamjuaje, wakati miti yako yote ingali inapanda? Dari inaonekana pale tu mkunjo unapoanza kulala, na huna hata mti mmoja wa sehemu hiyo. Ulipokuwa na ile ploti ya mizingo, kumbuka, makosa sanifu yalikuwa madogo na dari ilikuwa imara. Ilikuwa imara kwa sababu miti bandia ya sentimita 72 ilikuwa imeishikilia.

Usiniamini kwa maneno. Chukua fomula nyingine kabisa, ile ya Näslund, mwanamisitu wa Uswidi, ya mwaka 1936:

H = 1.3 + D² / (m + nD)²

Hii ina vigezo viwili tu, na ina neema moja: ukigawanya D kwa kipeuo cha pili cha H − 1.3, unapata m + nD, yaani mstari ulionyooka. Kwa hiyo makadirio ya mwanzo unayapata kwenye lahajedwali, kisha unayapeleka curve_fit ili ipunguze miraba ya kimo chenyewe. Ukishaipata, linganisha mikunjo miwili kwenye sentimita 12, 20, 28 na 36, halafu linganisha dari zake. Dari ya Näslund ni 1.3 jumlisha 1/n². Tuandikie utakachokiona.

Hapa nimjibu na ndugu wa Kihesa, kwa sababu hoja yake ina uzito na sikuitendea haki kwa kunyamaza. Kunyoosha fomula kwa logi ni njia bora ya kupata mahali pa kuanzia, na kwa kupasua mbao inawezekana kabisa ikatosha. Lakini ukichukua logi ya H − 1.3, unabadilisha kitu unachopunguza: kosa la mita moja kwa mti wa mita 8 linahesabiwa zito kuliko kosa la mita moja kwa mti wa mita 22, kwa hiyo mkunjo unasikiliza zaidi miti midogo. Isitoshe, ukirudi kutoka kwenye logi kwenda kwenye mita, utabiri unashuka chini ya wastani, na inabidi uongeze nusu ya varians ya masalio (kipimo cha mtawanyiko wake) kabla ya kuipandisha e. Kwa miti 10 hutaliona hilo. Kwa ujazo wa shamba zima linaonekana kwenye fedha. Sisemi asiifanye. Nasema ajue amepunguza nini.

Mambo mawili ya haraka. Miti ya ploti moja hufanana kwa udongo, umri na namna ilivyopunguzwa, kwa hiyo miti yako 228 si mashahidi 228 walio huru, na makosa sanifu ya kweli ni makubwa kuliko hayo uliyoandika. Na huko kutawanyika kwa miti minene si kosa la kukunyima usingizi, ila kama utatoa mipaka ya utabiri, usiifanye iwe na upana uleule kwa mti wa sentimita 11 na wa sentimita 36.

Kihesa Juu alijibu:

Nimekubali kuhusu ile nusu ya varians, sikuwahi kuiongeza. Sasa naelewa kwa nini makadirio yangu ya ujazo yamekuwa pungufu kidogo kila mwaka, nami nikiwalaumu wapasuaji. Ila kwa mtu mwenye lahajedwali tu na umeme wa kukatika, bado nitamwambia aanze na mstari.

Mpimaji wa Mafinga alijibu:

Nimefanya jaribio. Mstari wa lahajedwali ulinipa makadirio ya mwanzo, na curve_fit ikatulia kwenye m = 1.55 na n = 0.172. Hii hapa mikunjo miwili, Chapman na Richards kwanza, Näslund pili:

Sentimita 12: mita 12.3 na 12.3
Sentimita 20: mita 17.2 na 17.4
Sentimita 28: mita 20.6 na 20.6
Sentimita 36: mita 23.0 na 22.9

Nilipoichora kwenye karatasi moja sikuweza kuitenganisha kwa macho. Kisha nikatafuta dari: ya kwanza ni mita 28.2, ya pili ni mita 35.1. Mita saba za tofauti, kutoka kwenye miti ileile 228. Uwiano wa a na b ni −0.99, kama ulivyosema. Nilikaa nikiitazama hiyo karatasi kwa muda, kwa sababu sentensi ya "kimo cha juu kabisa" nilikuwa nimeshaiandika na hata kuipa aya yake.

Nimeifuta. Kwa kukadiria vimo vya miti iliyopimwa kipenyo tu, ambayo yote iko kati ya sentimita 12 na 35, nitatumia Näslund, kwa kuwa ina vigezo viwili na haijawahi kunigomea. Mkunjo kwenye ripoti nitauchora kuanzia sentimita 11 hadi 36, na kalamu itasimama hapo.

Mzee mmoja wa kijiji jirani ana shamba la misindano ambalo hakulivuna wakati wenzake walipovuna, na anasema mingine imefika unene wa pipa. Jumamosi, mvua ikituruhusu kupita, nitakwenda kupima miti yake kama 20 ili nione kama mkunjo unaanza kulala. Utepe nimeupaka rangi ya kucha, nyekundu, upande wote wa mzingo, na safari hii nitaushika mwenyewe.